Kutoka "Dawa" hadi "Kidhibiti": Historia Fupi ya Maneno ya Kutibu Maji

Barua zinazoletwa katika dawati letu la istilahi hutoka zaidi maofisini, na nyingi huuliza jambo jepesi: neno fulani lina tafsiri gani. Barua za vijijini ni chache, lakini aghalabu huuliza jambo zito. Mojawapo tuliletewa na mwalimu mmoja wa Ushetu, mkoani Shinyanga. Alikuwa ameombwa kufasiri kijitabu cha maelekezo kwa ajili ya wahudumu wa kisima kirefu chenye tangi. Chombo kilichoelezwa humo kilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea ya watu binafsi. Hupima maji chenyewe, kisha huyatia kemikali chenyewe, usiku na mchana, mwenye nyumba akiwa amelala. Kijitabu kilitaja vitu vitatu mbalimbali, yaani klorini, asidi na magadi. Mwalimu aliuliza: je, aandike "dawa" mara zote tatu, kama watu wanavyosema, au aseme vinginevyo?

Ushetu si mahali pa mabwawa ya kuogelea. Ni nchi ya tumbaku, pamba na mahindi; halmashauri yake, ambayo makao yake yako Nyamilangano, ilizaliwa pale Wilaya ya Kahama ilipogawanywa katika miaka ya mwanzo ya 2010. Lakini iko jirani na ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama kwenda Geita, na ujirani huo, kama tutakavyoona, ndio unaolifanya swali la mwalimu kuwa la hatari. Hatukuweza kumjibu kwa mstari mmoja. Ilitubidi kwanza tuyafuate maneno yenyewe tuone yalikotoka.

Tuanze na dawa. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limekuwa na tumbo kubwa. Kuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya. Linataja kinachoponya na kinachoua, mradi kiwe kimetiwa kwa makusudi ili kuleta badiliko fulani. Wasukuma nao wanalo neno bugota, ambalo tumbo lake halipungui lile la dawa. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba maji "yametiwa dawa", msikilizaji hajaambiwa ni kitu gani kilichotiwa. Ameambiwa tu kwamba yupo mtu aliyetia, na kwamba alikuwa na nia. Iwapo anamwamini mtu huyo, atakunywa. Asipomwamini, atakwenda kuchota lamboni.

Kabla ya klorini watu walikuwa wakisafisha maji kwa njia nyingine, na njia hizo zilikuwa na majina mahususi. Shabu, ambayo jina lake pia ni la asili ya Kiarabu, hutupwa ndani ya maji ya tope ili tope ligandamane na kuzama. Mbegu za mlonge zikitwangwa hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hapa hapakuwa na haja ya kusema "dawa". Mtu alisema shabu, au mlonge, na kila mmoja akajua. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu wako wafasiri wanaodhani kwamba kuvitaja vitu kwa majina yake ni mtindo wa wataalamu wa siku hizi.

Neno "dawa" liliingia majini kwa nguvu kupitia kampeni za afya. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na kwake. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza. Mafunzo ya namna hiyo hayawezi kusimama kueleza kemia. Yalihitaji maneno ambayo mtu wa makamo, aliyejifunza kusoma juzi katika kisomo cha watu wazima, angeyaelewa mara moja: chemsha maji, chimba choo. Baadaye, vidonge na chupa za klorini zilipofika madukani, zikaitwa dawa ya kutibu maji. Tumewahi kusikia hoja kwamba maji hayatibiwi kwa kuwa hayaugui. Ni hoja ya mzaha, nasi tunaiacha hapo; neno kutibu limekwisha kukubalika na linafaa.

Ugumu ulizidi mitambo mikubwa ilipojengwa. Mwaka 2009 mradi wa kuyafikisha maji ya Ziwa Viktoria katika miji ya Kahama na Shinyanga ulizinduliwa. Maji huvutwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, kisha husafiri katika mabomba kilomita nyingi kabla ya kufika bombani kwa mtumiaji. Katika safari ndefu namna hiyo, klorini iliyotiwa mwanzoni hutumika njiani, na kiasi fulani hakina budi kubaki hadi mwisho ili kuyalinda maji. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji ya kunywa yawe na angalau miligramu 0.5 za klorini huru kwa lita baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8. Kiasi hicho kinachobaki wafasiri wetu wengi wamekiita "mabaki ya klorini".

Tungependa tukae kidogo juu ya neno hilo, kwa kuwa ni kosa linaloonekana kama usahihi. Mabaki katika Kiswahili ni makombo, ni takataka, ni kitu kinachopaswa kufagiliwa. Karani anayesoma katika taarifa kwamba maji ya mji wake yana mabaki ya klorini atashtuka, na anaposoma kwamba mabaki hayapo atafurahi. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Maji yasiyo na klorini yoyote mwishoni mwa bomba ndiyo yanayotia shaka. Sisi tunapendelea "klorini akiba", maana akiba ni kitu kilichobakishwa kwa makusudi na ambacho mwenyewe huona fahari kuwa nacho. Tunajua kwamba "mabaki" limekwisha kuzoeleka katika maabara. Hata hivyo istilahi inayompotosha msomaji haistahili kulindwa kwa sababu ya umri wake.

Turudi kwenye chombo cha mwalimu. Kazi yake hutegemea kitu kiitwacho pH, alama iliyobuniwa mwaka 1909 na mkemia Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Alama hiyo hueleza ukali wa asidi au wa alkali, na kila hatua moja ni badiliko la mara kumi. Mwaka 1934 Mmarekani Arnold Beckman alitengeneza chombo imara cha kuisoma kwa umeme, akisaidia wenye viwanda vya maji ya ndimu. Kutoka katika bia na ndimu, upimaji huo ukaenea hadi kwenye mabwawa ya kuogelea. Sababu ni kwamba klorini haifanyi kazi sawasawa katika kila maji. Pale pH inapokuwa 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika umbo lenye nguvu ya kuua vijidudu. Ikipanda hadi 8.5, nguvu hiyo hubakia kama sehemu moja tu ya kumi. Ndiyo maana bwawa hutakiwa kukaa kati ya 7.2 na 7.8. Chombo husoma pH, na husoma kwa milivolti uwezo wa maji wa kuoksidisha. Hulinganisha na kiwango kilichowekwa, kisha huamuru pampu ndogo zidondoshe asidi au klorini kwa kadiri inayohitajika. Kwa kupandisha pH hutumika magadi, na hapa Kiswahili hakina cha kuazima: magadi ya Engaruka na ya Ziwa Natron yanajulikana, na kila mpishi wa maharage anayo jikoni.

Sasa tuchukue sentensi ambayo tumeitunga wenyewe, lakini ambayo haina lolote la ajabu: "Kipimo kikizidi, punguza kipimo mpaka kipimo kifikie kipimo." Kwa mzungumzaji aliye kando ya chombo inaeleweka. Kwa msomaji ni kitendawili, kwani kipimo kinabeba maana nne: chombo cha kupimia, jibu lililosomwa, kiasi kinachotiwa, na kiwango kinachotakiwa. Katika maelekezo haya tungependekeza zitenganishwe: chombo kiitwe kihisio, jibu liitwe usomaji, kiasi kinachotiwa kiitwe dozi, na kinachotakiwa kiitwe kiwango lengwa. Dozi ni neno la kuazimwa, lakini limekaa katika zahanati zetu muda mrefu hata mgonjwa wa kijijini hujua kumaliza dozi. Kile kinacholinganisha na kuamuru kiitwe kidhibiti.

Hapa ndipo dhahabu inapoingia. Mwaka 1887 huko Glasgow iligunduliwa njia ya kuitoa dhahabu katika mawe yaliyosagwa kwa kutumia sayanidi, na njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo katika migodi mikubwa na pia katika mitambo ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanaochenjua marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kupitishwa mara ya kwanza. Sayanidi nayo huongozwa kwa pH. Mchenjuaji hutia chokaa ili pH ikae juu, kati ya 10 na 11. Ikishuka, sayanidi hugeuka gesi, na gesi hiyo huua. Basi tutazame maelekezo haya: "pH ikipanda juu ya 8, tia dawa ya kushusha." Kwenye bwawa la kuogelea ni ushauri mwema, na dawa inayokusudiwa ni asidi. Kwenye tangi la sayanidi maneno hayo hayo ni hukumu ya kifo. Vijana wa ukanda huu hubadili kazi mara kwa mara. Anayehudumia tangi la maji mwaka huu aweza kuwa kwenye mtambo wa kuchenjulia mwaka ujao, akiwa na msamiati ule ule kichwani. Akifundishwa kwamba kuna "dawa ya kupandisha" na "dawa ya kushusha", amefundishwa nusu ya jambo.

Wala hatari haiko mgodini peke yake. Asidi na klorini ya maji, ambazo hukaa katika madumu mawili kando ya chombo cha bwawa, zikimiminwa katika dumu moja hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres mwezi wa Aprili 1915. Madumu yote mawili yakiandikwa "dawa ya maji", nani atamlaumu mhudumu aliyeyaunganisha ili kuokoa nafasi?

Katika eneo hili hili liko neno jingine linaloonyesha njia iliyo njema: topesumu. Aliyeliunda aliunganisha tope na sumu, na msomaji wa kwanza kulikuta hahitaji kufafanuliwa. Bwawa la topesumu haliwezi kudhaniwa kuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe, ingawa bwawa ni bwawa. Na kwa wale wanaotuambia kwamba wananchi hawapendi maneno magumu, tunawakumbusha makinikia. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa mchanga wenye madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, neno hilo lilitoka katika lugha ya wataalamu likaingia vijiweni kwa muda mfupi sana. Watu walilishika kwa sababu mali yao ilikuwa ndani yake.

Limesalia suala la chombo kujifanyia kazi chenyewe. Wengi huandika otomatiki, na hatuna ugomvi nalo. Wengine huandika "mtambo unaojiendesha", na hapa watumishi wa umma wawe waangalifu: katika lugha ya ofisi, shirika linalojiendesha ni lile lisilotegemea ruzuku. Ofisa atakayesoma kwamba kijiji kimepata mtambo unaojiendesha aweza kufuta fungu la matengenezo kwa nia njema kabisa. Inafaa kukumbuka kwamba mtambo lenyewe, katika kamusi za kale, lilikuwa jina la springi, kama ile ya mtego au ya bunduki. Wazo la kitu kinachofyatuka bila kuguswa limo ndani ya neno hilo tangu zamani. Lakini mtego hutegwa na mtu, na chombo hiki nacho kinahitaji mtu. Kihisio chake cha kioo huchakaa na kuanza kudanganya. Lazima kitumbukizwe mara kwa mara katika maji ambayo pH yake inajulikana, kwa kawaida 7 na 4, kisha kirekebishwe. Kazi hiyo tumeiita "kusawazisha kihisio". Tulilifikiria "kuhakiki", linalotumiwa katika mambo ya mizani, lakini walimu wa fasihi wangetucheka.

Tulimjibu mwalimu wetu hivi. Katika tangazo la kubandikwa ukutani kwa wateka maji, aandike "maji yametiwa dawa ya klorini", ili dawa ibaki na jina lisikosekane. Katika kijitabu cha wahudumu asiandike dawa hata mara moja. Aandike klorini, asidi, magadi, na juu ya kila dumu jina lake kwa herufi kubwa na rangi yake. Alituandikia tena kushukuru, akiwa na swali la pili ambalo hatujalimaliza: wahudumu wake wanapoisoma pH kwa sauti, wengine husema "pi-echi" na wengine "pe-ha", na mmoja alidhani ni vitu viwili. Wasomaji wenye maoni juu ya matamshi hayo tunawaomba watuandikie.