Waliopewa Bure: Luther, Shinran na Ndugu wa Uamsho

Martin Luther aliingia monasteri ya Erfurt mwaka 1505. Alifunga, alikesha, aliungama tena na tena, na bado dhamiri ilimsumbua. Karne tatu kabla yake, huko Japani, Shinran naye alikuwa mtawa. Alipanda Mlima Hiei akiwa mtoto, akakaa miaka 20 katika mazoezi makali ya Kibuddha, kisha mwaka 1201 akashuka bila amani aliyoifuata. Kile ambacho juhudi ziliwanyima, wote wawili walikipata kwa kupewa. Na wote wawili, ingawa walikuwa watawa, walioa: Shinran alimwoa Eshinni, Luther akamwoa Katharina von Bora mwaka 1525.

Wajesuiti waliofika Japani karne ya 16 waliuona mfanano huo upesi. Mmoja wao, Alessandro Valignano, alilifananisha fundisho kuhusu Amida, Buddha ambaye Shinran alimtumaini, na lile la Luther, na hakukusudia kumsifu yeyote kati yao. Leo tunaweza kuwatazama kwa heshima zaidi, bila kuwafanya mapacha.

Kwa Luther, atoaye neema ni Mungu Muumba, na mwenye dhambi husimama mbele yake kama mshtakiwa aliyeachiliwa kwa ajili ya Kristo msulubiwa. Amida si muumba wala hakimu. Ni Buddha aliyeweka nadhiri ya kuwaokoa wanaoliita jina lake kwa kumtumaini, na kifungo anachokifungua ni ujinga na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Hata hivyo, Luther na Shinran wote wawili walikataa kuigeuza imani kuwa sarafu ya kununulia wokovu. Luther alifundisha kwamba imani ni kazi ya Mungu ndani ya mtu; kwa Shinran, kuliita jina la Amida ni shukrani.

Basi aliyepewa bure ni nani, na afanye nini? Shinran, alipovuliwa utawa na kupelekwa uhamishoni mwaka 1207, alijitambulisha kuwa si mtawa wala si mlei, akaishi miongoni mwa watu wa kawaida. Luther alisema Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, kisha akamrudisha shambani, jikoni na kwenye karakana. Kwa kuwa Mungu hahitaji matendo yetu mema, yote yabaki kwa jirani anayeyahitaji. Sijui fundisho lililoipa kazi ya mikono heshima kubwa kuliko hilo.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulijibu swali hilo kwa namna nyingine. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda, wakasali pamoja. Moto uliowaka baadaye ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wengi walioguswa walikuwa wamekwisha kubatizwa. Luther alishindana na Mungu katika upweke wa dhamiri. Hawa walitubu mbele ya wenzao. Aliyeiba alirudisha. Mmisionari aliyewadharau Waafrika alikiri hadharani, na Mwafrika aliyemchukia Mzungu alikiri vilevile. Neema iliwapa ukoo mpya, na neno ndugu likavuka mipaka ya kabila na rangi. Ni kweli kwamba baadhi yao waliugeuza ushuhuda kuwa kipimo cha kuwahukumu wasioshuhudia kama wao, na hapo sheria ikaingia tena kwa mlango wa nyuma.

Lakini sioni mahali ambapo jibu la neema kuhusu utambulisho lilijaribiwa vikali kuliko Kenya ya Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952. Ndugu wengi Wakikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau kwa sababu walikuwa wa Kristo tayari, na kwa sababu hiyohiyo wengi wao wakakataa kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Hawakuwa na upande wa kuwalinda, na baadhi yao waliuawa.