Kaniki ya Siti na sisi wa Chimwaga

Huku Dodoma upepo ni ule ule, vumbi ndiyo usiseme, na bumu bado tunalisubiri. Leo naomba niweke pembeni stori za lekcha, tuongee historia kidogo, maana ndiyo somo nitakalokwenda kufundisha Mungu akipenda.

Kuna kitu nakiona sana hapa hosteli. Mtu kwao ni Mvumi, au Bahi, au Kongwa, lakini ukifungua ukurasa wake wa Instagram kajiandika "Dar es Salaam". Dar yenyewe kafika mara mbili! Ukimuuliza anakwambia, "We acha tu, nikiandika kijijini kwetu wataanza: Mgogo ombaomba." Mimi mwenyewe ni Mgogo wa Chamwino na utani huo nimekua nao, kwa hiyo simcheki. Ila najiuliza: ukishajiweka mbele ya watu, na wakaanza kucheka ulikotoka, dawa ni kuficha?

Jibu nimelipata mbali kidogo, Unguja, kwa Siti binti Saad. Wengi tunamjua kwa jina tu. Alizaliwa Fumba, miaka ya 1880 hivi, katika familia yenye asili ya utumwa. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa! Na msidhani habari hizi hazituhusu sisi wa bara, maana njia ya misafara kutoka pwani kwenda Unyamwezi ilipita hapa hapa, Mpwapwa na Ugogo. Alikua akiuza vyungu, na hakusoma shule. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba na kupiga ala, akaingia kwenye kundi la wanamuziki. Taarab ya ikulu ya Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa Ng'ambo.

Mwaka 1928 yeye na wenzake wakasafiri hadi Bombay, India, wakarekodi na kampuni ya His Master's Voice. Santuri ndiyo ilikuwa simu janja ya wakati ule, wadau. Sauti ya mtoto wa muuza vyungu ikawa inasikika kwenye nyumba na migahawa ambako yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga.

Basi, umaarufu ulipokuja, na maneno yakaja. Wapo waliotunga wimbo wa kumsimanga. Walimkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, ile nguo ya watumwa na mafukara, na kwamba bila hiyo sauti asingekuwa na cha kula. Wakamsema na sura pia, kwamba si mzuri. Tuseme ukweli, hayo maoni na ya leo yana tofauti gani?

Siti alijibu kwa wimbo. Hakukana kaniki, wala hakujitungia ukoo mpya. Hakudai kwamba ni mzuri. Alichosema, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba uzuri wa sura si hoja, aibu ni mtu kukosa akili. Yaani kile walichodhani ni siri yake ya aibu, yeye kakiacha hapo mezani kila mtu akione, halafu kaweka kitu kizito zaidi pembeni yake. Baada ya hapo mwenye matusi anabaki na nini cha kusema?

Na hicho kitu kizito alikuwa nacho kweli. Nyimbo zake zilibeba habari za mji: wanawake walioonewa, hukumu za mahakama, wakubwa waliokula fedha. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Waliotunga ule wimbo wa masimango leo nani anawataja?

Sasa turudi nyumbani. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa mkoa huu huu wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alipenda muziki wake akamwita Dar es Salaam, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipanda majukwaa ya Ulaya na ilimba na zeze, akiimba Kigogo, hadi alipofariki mwaka 2003. Wazungu hawakuelewa neno hata moja, lakini walikaa kimya wakamsikiliza! Hakuwahi kujifanya mtu wa kwingine.

Hata huo "ombaomba" una historia yake. Wakati wa vita kuu ya kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo kutoka Ugogo. Mvua nazo zikagoma. Ikaja njaa kubwa ya Mtunya, ambayo wazee wetu wanaisimulia mpaka leo. Watu walinyang'anywa kwanza, ndipo wakaomba. Ukilijua hilo, utani unaupokea ukiwa na la kujibu.

Simaanishi umwage kila kitu hadharani, hapana. Ya ndani ya nyumba yenu, maradhi yako, machozi yako, una haki ya kuyafunika, na hiyo haiitwi uongo. Uongo ni kumpisha mtu mwingine akae kwenye jina lako. Mtu huyo utamlisha kila siku, utamnunulia nguo za kupigia picha, na akisifiwa, sifa hazikufikii wewe. Kujiamini kutatoka wapi hapo?

Kwa hiyo mimi ukurasa wangu unasomeka Chamwino, Dodoma. Mwenye kucheka acheke, akimaliza nitamhadithia Mtunya.

Nawasilisha, wadau. Na wewe, kwenu ni wapi?