Katiba ya Hispania ya 1978 na neno lililoachwa bila tafsiri

Jenerali Francisco Franco alifariki dunia Novemba 20, 1975, akiwa ameitawala Hispania kidikteta tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1939. Mrithi aliyemteua mwenyewe, Mfalme Juan Carlos, hakufuata nyayo zake. Julai 1976 alimteua Adolfo Suárez kuwa Waziri Mkuu, na Juni 15, 1977 wananchi wakapiga kura katika uchaguzi huru wa kwanza tangu 1936.

Rasimu ya Katiba iliandikwa na wabunge saba. Watatu walitoka chama tawala cha UCD. Wengine walikuwa Msoshalisti, Mkomunisti, mzalendo wa Catalonia na Manuel Fraga, aliyepata kuwa waziri wa Franco. Chama cha wazalendo wa Basque hakikuwa na mtu wake mezani, na pengo hilo lilionekana baadaye.

Mvutano mkubwa ulikuwa katika ibara ya pili. Wahafidhina, na majenerali waliokuwa wakifuatilia kwa macho makali, walitaka itamkwe kuwa taifa la Hispania ni moja na haligawanyiki. Wakatalani na Wabasque, ambao lugha zao zilifukuzwa mashuleni na maofisini enzi za Franco, walidai kutambuliwa kuwa zaidi ya wakazi wa mikoa. Ibara ikabeba yote mawili: umoja usiovunjika, pamoja na haki ya kujitawala ya mikoa na ya “nacionalidades”, yaani jamii zenye utaifa wao. Ni zipi hizo? Katiba haikuzitaja, na pengine bila ukimya huo mapatano yasingepatikana.

Katika kura ya maoni ya Desemba 6, 1978, takriban wapiga kura tisa kati ya kumi waliikubali, Catalonia ikiwamo. Katika eneo la Basque, ambako chama cha wazalendo kilihimiza watu wasipige kura, waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa.

Katiba hiyo ilinusurika jaribio la mapinduzi la Februari 23, 1981, Luteni Kanali Antonio Tejero alipolivamia Bunge na Mfalme akawaamuru wanajeshi, kupitia televisheni, kuitii. Oktoba 2017 Catalonia ilipofanya kura ya kujitenga iliyokuwa imezuiwa na Mahakama ya Katiba, serikali kuu ilitumia ibara ya 155 kuuondoa uongozi wa jimbo hilo madarakani.

Marekebisho yamefanyika mara tatu, mwaka 1992, 2011 na 2024. Ibara ya pili haikuguswa.