Sukari Mbali na Bahari

Teremka kusini mwa mji wa Moshi kwa kilomita ishirini hivi, na mlima unabaki nyuma yako. Mbele ni miwa mitupu. Mahali hapa panaitwa TPC. Herufi hizo zilikuwa kifupi cha Tanganyika Planting Company, lakini siku hizi ni jina la mahali kama Kahe au Himo: daladala zinakwenda huko, watoto wanazaliwa na kusoma huko. Kuanzia mwaka 1930 shamba hilo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya meli kutoka Denmark. Ile ni nchi ya baridi, ambayo sukari yake hukamuliwa kutoka kwenye kiazi sukari, na muwa hauoti kule. Watu wa meli walikuwa wanatafuta nini mahali ambapo bandari ya Tanga iko takriban kilomita 350 kwa reli?

Ukiuliza mjini, utapewa simulizi iliyokwisha kukamilika. Wadenmark walijenga hospitali na nyumba kwa sababu ndiyo hulka yao. Serikali ilipolichukua shamba, mambo yakalegea kwa sababu ndivyo tulivyo sisi. Watu wa Mauritius walipokuja mwaka 2000, shamba likafufuka kwa sababu sukari iko kwenye damu yao. Wamiliki watatu, tabia tatu za mataifa, matokeo matatu. Simulizi hii inanoga masikioni, na nimeisikia kwa wasomi na kwa wasio wasomi. Inanitia shaka kwa sababu haitaji maji, haitaji udongo, haitaji reli wala sheria. Tukiifuata njia yenyewe hatua kwa hatua, itasimama?

Tuanzie stesheni ya Moshi. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, na ikachukua miaka kumi na minane kufika hapa, mwaka 1911. Boma lao lilikuwa juu, Old Moshi, kwenye ubaridi na migomba. Reli haikuweza kupanda huko, kwa hiyo mji ndio ulioshuka tambarare kuifuata. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaunganisha reli yao kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe. Hivyo, mwenye mtaji aliyefika hapa mwaka 1930 alikuwa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Hilo linaeleza kwa nini mtu angekuja Moshi. Halielezi kwa nini hakushukia Korogwe au Mombo, kwenye reli ile ile, karibu zaidi na pwani. Arusha Chini, mahali lilipo shamba la TPC, ilikuwa na nini cha ziada?

Hapa lazima turudi nyuma kuliko reli. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Pangani ilikuwa ikipumzika Arusha Chini. Wenyeji walikuwa wakilima kwa kumwagilia, na msafara wenye mamia ya wapagazi ulihitaji chakula kabla ya kuingia nyika. Ni kutoka hapo, miaka ya 1830, ndipo baadhi ya watu walipopanda kuelekea Meru na kuwa Waarusha tunaowajua leo. Mvua ya Arusha Chini ni haba, milimita 500 hivi kwa mwaka, lakini mito ya Weruweru na Kikuletwa inaleta maji ya milimani. Muwa unataka jua kali na maji mengi, mambo ambayo kwa kawaida hayapatikani pamoja, kwa kuwa penye mvua pana mawingu. Arusha Chini inavyo vyote viwili. Mfanyabiashara wa Pangani alipaona, na Mdenmark akapaona karibu miaka mia baadaye, bila kurithi tabia moja kutoka kwa mwenzake. Lakini ikiwa maji yanatoka juu, kwa nini mtaji mkubwa haukupanda kuyafuata huko huko juu?

Kwa sababu juu palikuwa na wenyewe. Wachaga walikuwa na vihamba, ardhi ya ukoo yenye migomba na makaburi ya wazee, na katika kihamba hicho hicho wakapanda kahawa. Simulizi ya kawaida inasema mapadre wa Kilema ndio walioileta mwaka 1898. Hata tukiikubali, mbegu ya padre haitoshi kueleza kilichofuata. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Walowezi walipata mashamba pembezoni, lakini ukanda wa vihamba ulibaki wa wenyeji. Kampuni ya kigeni ingeweza kununua kahawa, si udongo. Kahawa ikakusanywa na ushirika, ikakobolewa Moshi, ikauzwa kwa mnada Moshi. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini miaka ya 1990, kampuni zenye asili ya nchi mbalimbali zilikuja na desturi zao za makwao, zikajikuta kwenye mnada ule ule na madaraja yale yale ya kahawa. Kule Japani hata jina la mlima lilifanya kazi: kahawa ya arabika iliyooshwa kutoka Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Na kama watu wa mlimani walikuwa na kahawa yao wenyewe, nani angeshuka kwenye joto kukata miwa ya mtu mwingine?

Swali hilo ndilo lililonifungulia njia. Mchaga mwenye kihamba hakuwa na sababu kubwa ya kuwa kibarua wa kudumu bondeni. Mashamba makubwa ya Tanganyika yalitegemea watu waliotolewa mbali, manamba, waliosafirishwa kwa mkataba kutoka mikoa ya bara na hata nje ya mipaka. Wenye mkonge walifikia hatua ya kuunda ofisi ya pamoja ya kuwaandikisha, SILABU, mwaka 1944. Mtu aliyetolewa mbali hana nyumba ya kurudi jioni. Lazima umjengee. Tena bonde lenye mifereji ni bonde lenye mbu, na mkata miwa mwenye malaria hafiki shambani. Lazima umtibu. Mashamba ya mkonge ya Tanga, yaliyomilikiwa na Wagiriki, Waswisi, Waingereza na Waasia, nayo yalijenga kambi na zahanati. Kwa hiyo ninapoambiwa hospitali ya TPC ni ushahidi wa moyo wa Denmark, naona kwanza ushahidi wa mbu, umbali na kihamba. Ubora wa nyumba unaweza kutofautiana kwa mwenye mali na mwenye mali, na sipuuzi kumbukumbu njema za wastaafu waliolelewa pale. Lakini ulazima wa kujenga ulitoka kwenye mahali. Je, basi utaifa wa mwenye kampuni haukuwa na uzito wowote?

Nilijaribu kwanza njia iliyoonekana kung'aa. Denmark ilikuwa na visiwa vya miwa huko Karibi, kikiwemo St. Croix, ikaviuza kwa Marekani mwaka 1917. Miaka kumi na mitatu baadaye, Mdenmark yuko Arusha Chini. Ni rahisi kuchora mstari kati ya vitu hivyo viwili. Lakini mstari wenyewe hauna nguzo katikati. Mnunuzi wa Arusha Chini alikuwa mwenye meli, hakuwa mkulima aliyehamishwa kutoka Karibi, na ukaribu wa tarehe si uhusiano. Niliiacha. Kilichobaki ni karatasi kavu zaidi: hati ya udhamini wa Tanganyika ya mwaka 1922. Eneo hili halikuwa koloni kamili la Uingereza. Lilikuwa chini ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, na hati iliwapa raia wa nchi zote wanachama haki sawa za kumiliki na kufanya biashara. Denmark ilikuwa mwanachama. Ugiriki pia, na ndiyo sababu mojawapo ya Wagiriki kuwa wengi katika kahawa na mkonge wa kaskazini. Hapa utaifa unahesabika, lakini kama pasipoti, si kama tabia. Na ukishafunguliwa mlango na sheria, faida unaipata wapi mbali hivi na bahari?

Jibu langu ni kwamba umbali wenyewe ulikuwa kinga. Sukari ni mzigo mzito. Inayoshushwa bandarini lazima ilipiwe nauli ya reli hadi Moshi na Arusha. Inayozalishwa Arusha Chini tayari iko sokoni. Kiwanda cha bara kinawauzia watu wa bara, na kila kilomita ya reli inakilinda. Mwenye meli anajua gharama ya kusafirisha gunia kuliko mtu yeyote. Kama kuna ujuzi wa nyumbani uliofika hapa kutoka Denmark, naamini ni huo wa kupiga hesabu za nauli, na huo ni ujuzi wa kazi, si wa taifa. Lakini kuna jambo moja linanizuia kulifunga jalada la utaifa: ilikuwaje Azimio la Arusha la mwaka 1967 likataifisha benki zote na sehemu kubwa ya mkonge, na shamba hili likabaki kwa wenyewe hadi mwishoni mwa miaka ya 1970?

Wengi hujibu: urafiki. Nchi za Nordiki zilikuwa karibu sana na Tanzania. Zilishirikiana kujenga kituo cha Kibaha tangu mwaka 1963, na misaada yao ilizidi kukua. Hoja hii siwezi kuitupa. Bendera ya nchi rafiki, isiyo na historia ya kututawala, ilikuwa na thamani kubwa katika siasa za wakati ule. Lakini tazama tunachosema hapa. Hatusemi Mdenmark alikuwa na hulka fulani kazini. Tunasema sisi tulimtazama kwa jicho fulani. Utamaduni unaofanya kazi ni wa mwenyeji anayempokea mgeni. Kwa nini basi simulizi ya mjini inamsifu mgeni na kumshusha mwenyeji?

Ile sehemu ya katikati ndiyo inayoniuma zaidi: "ndivyo tulivyo". Shamba liliingia mikononi mwa umma wakati mgumu kuliko wote. Vita vya Kagera vilikuwa vimetoka kupiganwa mwaka 1978 na 1979, mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zilikauka. Vyama vikuu vya ushirika, pamoja na KNCU, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976 na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Kinu cha sukari kinahitaji vipuri, na vipuri vinahitaji dola. Kisha, baada ya ubinafsishaji wa mwaka 2000, uzalishaji ulipanda kutoka takriban tani 36,000 kwa mwaka hadi kupita tani 100,000. Waliokata miwa, waliofungua mifereji, walioendesha matrekta walikuwa Watanzania kabla na Watanzania baada. Kama tatizo lilikuwa tabia yao, tabia hiyo ilikwenda wapi?

Watu wa Mauritius walileta mtaji na ujuzi, na ni haki kuutaja. Kisiwa chao ni kidogo, kimeishi kwa miwa karne nyingi, na aliyezaliwa mahali pasipo na ardhi ya kupoteza hujifunza kuhesabu kila hekta. Hata hivyo, huo nao ni mwalimu wa mahali. Waholanzi walipeleka miwa kule mwaka 1639, Wafaransa wakaipanua, Waingereza wakakiteka kisiwa mwaka 1810, na kuanzia miaka ya 1830 mikono iliyokata miwa ilitoka India. Utamaduni upi kati ya hizo ndio wa taifa? Miwa yenyewe inacheka na mipaka: mbegu ya NCo 376, iliyotumika sana Tanzania, ilianzia Coimbatore nchini India ikachaguliwa Natal. Na kampuni ya sukari ya Kilombero, iliyobinafsishwa mwaka 1998 kwa wawekezaji wasio wa Mauritius, nayo ilipanda kwa uzalishaji. Kama wenye asili tofauti wanafikia matokeo yanayofanana, kwa nini tuanze na asili yao?

Kuna jedwali maarufu katika vyuo vya biashara. Mtafiti Mholanzi alikusanya madodoso ya wafanyakazi wa kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani kati ya mwaka 1967 na 1973, akayapa mataifa alama: umbali wa mkubwa na mdogo, ubinafsi, woga wa mashaka. Ukitafuta Tanzania, unaikuta ndani ya fungu moja liitwalo Afrika Mashariki, pamoja na Kenya, Ethiopia na Zambia. Kazi ile ilifungua mjadala mkubwa na inastahili heshima yake. Lakini mimi nimeshuka kutoka Kilema hadi Arusha Chini kwa mwendo wa asubuhi moja, nikapita kwa mkulima wa kahawa mwenye hisa katika ushirika, mwenye duka la mjini, na mjukuu wa manamba aliyezaliwa katika nyumba ya kampuni. Alama ipi moja ingewatosha watu hawa watatu?

Turudi kwenye maji, maana ndiyo yaliyomleta kila mmoja. Wengi huamini mito hii ni theluji ya kilele cha Kibo iliyoyeyuka. Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na watu wanaogopa mito itakwenda nayo. Wanasayansi wanaonyesha kwamba mchango wa barafu ni mdogo. Maji mengi yanatokana na mvua inayonaswa na ukanda wa msitu. Kabla ya kufika bondeni yanapita mifongo ya Wachaga, mifereji iliyochimbwa na koo na kugawanywa kwa zamu, na yakishavuka miwa yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kuzalisha umeme. Siku hizi mgawo unapitia vibali vya bodi ya maji ya bonde la Pangani, yenye ofisi yake hapo hapo Moshi. Mwenye shamba awe wa Copenhagen, wa Port Louis au wa Dodoma, anapanga foleni moja na wakulima wa juu yake na mitambo ya chini yake. Kiangazi kikikaza na mto ukipungua, nani atafunguliwa mfereji kwanza?