Nyumba Moja, Matangazo Matano

Leo hakuna msimbo wa kunakili wala programu ya kupakua. Leo nataka tuzungumze historia, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2013 nilimtengenezea wakala mmoja wa nyumba hapa Nairobi tovuti ndogo. PHP, MySQL, picha sita kwa kila nyumba, basi. Chini ya kila ukurasa niliweka namba yangu ya rununu, kwa majivuno ya fundi. Jumapili moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa dada nisiyemjua.

"Kaka, niko langoni na vyombo vyangu. Mlinzi anasema nyumba ina watu. Si nililipa dipositi jana?"

Niliwasha tarakilishi nikaangalia. Nyumba ile ilikuwa imepangishwa wiki tatu kabla, lakini wakala hakuwa ameondoa tangazo. Mtu fulani alikuwa amenakili picha zangu, akazibandika kwenye tovuti ya matangazo ya bure, akapunguza kodi na kuweka namba yake ya simu. Alisahau kukata pembe ya picha moja yenye anwani ya tovuti yangu, na ndivyo yule dada alivyonipata. Namba ya tapeli ilikuwa tayari imezimwa.

Nilifuta tangazo dakika ile ile, lakini pesa zilikuwa zimekwenda. Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja: nyumba ikishachukuliwa, ni jukumu la nani kuliondoa tangazo? Nilipoanza kusoma, niligundua kwamba swali hili lina umri mkubwa kuliko intaneti. Wamarekani walianza kulijibu kabla tarakilishi ya kwanza haijaundwa.

Mwishoni mwa karne ya 19, mawakala wa nyumba katika miji ya Marekani walikuwa wakikutana kwenye ofisi za vyama vyao na kuelezana nyumba walizopewa kuuza. Makubaliano yao yalikuwa mepesi: nisaidie kuuza nyumba yangu, nami nitakugawia kamisheni. Mwaka 1908 vyama hivyo vikaunda chama cha kitaifa mjini Chicago, ambacho leo kinaitwa National Association of Realtors. Mabadilishano yale yakaja kuandikwa katika vitabu vilivyochapishwa na kugawiwa wanachama pekee. Mfumo wenyewe unajulikana kwa herufi tatu, MLS.

Hebu uangalie mfumo huo kwa jicho la mwandishi wa programu. Kila nyumba ina rekodi moja. Kila rekodi ina wakala mmoja anayeiwajibikia, na wengine wanaisoma tu. Asiyefuata kanuni huadhibiwa na chama. Tena, aliyeonyesha nyumba yake kwa wenzake hakupoteza riziki, kwa sababu mgao wa kila mmoja ulijulikana mapema. Hii ni hifadhidata safi kabisa, nayo ilikuwa ya karatasi!

Ikaja miaka ya tisini na wavuti. Mwaka 1995 Craig Newmark wa San Francisco alianza kuwatumia marafiki zake barua pepe za matukio ya mjini, na mwaka 1996 orodha hiyo ikawa tovuti ya Craigslist. Mwaka huo huo wa 1996 ikafunguliwa Realtor.com, iliyotoa kwa umma sehemu ya yale yaliyokuwa ndani ya vitabu vya mawakala.

Tovuti hizo mbili zilizaliwa pamoja lakini si ndugu. Realtor.com ilikuwa daftari la chama, maana nyuma ya kila tangazo kulikuwa na mwanachama na kanuni zake. Craigslist ilikuwa ukuta wa sokoni. Yeyote mwenye gundi hubandika karatasi yake, na hakuna anayelazimika kurudi kuibandua. Karibu kila tovuti ya nyumba iliyofuata, popote duniani, imefuata moja ya njia hizo mbili au kuzichanganya.

Daftari liliendelea kuboreshwa. Mwaka 1999 ilitoka RETS, lugha ya pamoja ya kuhamisha data za nyumba kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kanuni zikaanza kumruhusu wakala kuonyesha kwenye tovuti yake hata nyumba za mawakala wenzake. Mwezi Februari 2006 waliokuwa wafanyakazi wa Microsoft, Rich Barton na Lloyd Frink, wakafungua Zillow huko Seattle, ikiwa na makadirio ya bei za nyumba zipatazo milioni 40. Mwenye nyumba sasa aliweza kuona thamani ya nyumba yake bila kumuuliza wakala.

Msidhani lakini kwamba daftari ni la malaika. Anayeshika ufunguo wa data hushika pia mlango wa biashara. Mwaka 2005 Wizara ya Haki ya Marekani ilikishtaki chama kile kwa sababu kanuni zake ziliwaruhusu mawakala kuzuia nyumba zao zisionekane kwenye tovuti za washindani wa mtandaoni. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2008. Kisha tarehe 31 Oktoba 2023, baraza la wazee wa mahakama huko Kansas City liliamua kwamba chama na kampuni kubwa za mawakala walikula njama ya kuweka kamisheni juu, na fidia ikawa karibu dola bilioni 1.8. Mwezi Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti 2024 mgao wa wakala wa mnunuzi hauruhusiwi kutangazwa ndani ya MLS. Mgao ule ule uliowafanya waaminiane ndio uliowafikisha mahakamani. Uaminifu wa data ulikuwa na bei, na aliyeilipa ni mwenye kuuza nyumba.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu nyumba ilitangazwa kwa kibao langoni, kwa safu za magazeti, na kwa mdomo wa dalali. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, intaneti ikapata kasi, na tovuti zikafuata. Mwaka 2012 ilikuja BuyRentKenya. Mwaka 2013 Lamudi ikaingia, na mwaka 2016 ikabadilishwa jina kuwa Jumia House. Wengi walibandika nyumba zao OLX pamoja na magari na makochi, hadi mwaka 2019 Jiji ilipoinunua biashara hiyo hapa Kenya na katika nchi nyingine nne za Afrika. Tulirukia mtandaoni bila kupitia kitabu cha pamoja. Tulipata ukuta mkubwa, wenye rangi nzuri, lakini ni ukuta.

Nani wa kulaumiwa? Ni rahisi kusema madalali ni waongo. Mimi nasema tazama hesabu yao. Mwenye nyumba huwapa madalali wanne au watano nyumba moja, na anayeleta mteja kwanza ndiye anayelipwa. Ukimwambia mwenzako ukweli wote umejinyang'anya chakula. Ukiacha tangazo la nyumba iliyokwisha kuchukuliwa, simu zinaendelea kuingia, na kila simu ni mteja unayeweza kumpeleka kwingine. Ndiyo maana nyumba moja ina matangazo matano yenye bei tano, na nyumba isiyokuwepo ina matangazo mawili.

Sheria tunayo. Sura ya 533 inataka wakala wa nyumba awe amesajiliwa na bodi yake. Serikali pia ilizindua Ardhisasa mwezi Aprili 2021, ikianzia na kumbukumbu za ardhi za Nairobi. Hata hivyo, kumbukumbu ya ardhi hukuonyesha kiwanja ni cha nani. Haikuambii kama chumba cha ghorofa ya tatu kina mtu, na hilo ndilo yule dada alihitaji kujua.

Baada ya simu ile niliandika mistari michache ya msimbo. Kila tangazo lilikufa lenyewe baada ya siku 14, isipokuwa wakala ajibu ujumbe mfupi kwamba nyumba bado iko wazi. Wiki ya tatu zaidi ya nusu ya matangazo yalikuwa yametoweka. Wakala akanipigia simu kwa hasira: "Umeua tovuti yangu! Inaonekana kama duka lililofilisika." Nilimweleza kuhusu yule dada. Akanisikiliza, akasikitika kwa dhati, kisha akaniomba nirudishe kama zamani. Nilikataa, na baada ya miezi miwili alihamia kwa fundi mwingine.

Hapo ndipo nilipoielewa historia hii. Wamarekani hawakupata orodha safi kwa kuwa na programu bora. Walikuwa na sababu ya kifedha ya kuambiana ukweli, na tarakilishi zilikuja kuubeba tu. Anayetaka kuijenga MLS ya Kenya asianze na seva. Aanze kwa kuwakalisha mawakala kumi mezani wakubaliane nani analipwa nini. Na akumbuke Kansas City, ili mpangaji na muuzaji nao wawe na kiti pale mezani.

Hadi hapo, ndugu msomaji, usitume hata shilingi kabla hujaingia ndani ya nyumba kwa miguu yako. Muulize wakala namba yake ya usajili. Itafute picha ya nyumba hiyo mtandaoni uone imebandikwa wapi kwingine na kwa bei gani.

Yule dada hakurudishiwa pesa zake. Namba yangu niliitoa chini ya kurasa, kisha nikairudisha. Mtu akisimama langoni na vyombo vyake, angalau awe na wa kumpigia.

Haya, tukutane tena.