Fizikia ya nadharia: Milango minne ya ufadhili wa ICTP kwa watafiti chipukizi

Mwanafizikia wa nadharia hahitaji maabara ya mabilioni. Kalamu, karatasi, kompyuta na intaneti vinatosha kuanzia. Kinachowakwamisha wengi ni upweke: hakuna wa kujadiliana naye. Ufadhili wa kituo cha ICTP kilichopo Trieste, Italia, ulibuniwa kutibu tatizo hilo.

Ulianzaje?

Abdus Salam wa Pakistan alisoma Cambridge, Uingereza, kisha mwaka 1951 akarudi nyumbani kufundisha Lahore. Alikuwa na miaka 25. Chuoni hakukuwa na utafiti, na kazi ya ziada aliyopewa ilikuwa kusimamia klabu ya mpira wa miguu. Mwaka 1954 akaondoka tena.

Miaka 10 baadaye, 1964, alianzisha ICTP ili wengine wasilazimike kuchagua kati ya nchi yao na fizikia. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Leo kituo kina jina lake.

Mlango upi unakufaa?

• Diploma: Ni kwa wahitimu wa vyuo vikuu kutoka nchi zinazoendelea. Ilianza 1991 na huchukua mwaka mmoja. Hulipi ada, na unapewa posho ya kujikimu. Wengi huifanya daraja la kwenda kwenye uzamivu.

• STEP: Inaendeshwa pamoja na IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki. Mwanafunzi wa uzamivu anabaki kwenye chuo cha kwao, anakwenda Trieste kwa miezi kadhaa, anarudi. Shahada anapewa na chuo chake.

• Utafiti baada ya uzamivu: Nafasi ni za muda na ziko wazi kwa nchi zote, kwa hiyo ushindani ni mkali.

• Associates: Ni kwa mwenye kazi tayari chuoni kwao. Kwa miaka 6 anaruhusiwa kwenda Trieste mara kadhaa bila kuacha ajira. Vijana huanzia ngazi ya Junior Associate.

Italia ni mbali?

Kigali kuna EAIFR, taasisi shirika ya ICTP iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Ilifunguliwa 2018 na hufundisha uzamili na uzamivu.

Kabla ya kuomba

Waombe walimu barua za mapendekezo mapema, tena wale wanaoijua kazi yako, si wenye vyeo tu. Kwenye nafasi za utafiti, taja swali unalotaka kulifanyia kazi; kusema "napenda fizikia" hakutoshi. Tarehe za mwisho ziangalie kwenye tovuti ya ICTP yenyewe. Mtu akitaka umtumie hela kwa simu ili "asukume" fomu yako, huyo ni tapeli.

Ufadhili hauishii Trieste

STEP na Associates hutegemea pia chuo cha nyumbani. ICTP inagharamia miezi ya Italia. Miezi mingine yote mtafiti yuko kwao. Idara ikimnyima ruhusa ya kusafiri, au ikimlundikia vipindi hadi akose hata saa moja ya kufikiri, anajikuta pale pale alipokuwa Salam mwaka 1951.