Babu, shemeji na "mambo ya watoto"

Najua nimewatelekeza, lakini tesiti zimeniandama na umeme wa blok yetu nao una mambo yake. Leo naandika nikiwa na kahasira kidogo.

Chumba cha jirani anakaa kaka mmoja tunamwita Babu. Ana miaka 37, mke na watoto wawili, katoka kazini kuja kuongeza elimu. Usiku akishamaliza kusoma anawasha PlayStation yake, anacheza mpira kama saa moja, analala. Halewi, hapigi kelele, hadaiwi na mtu. Jumapili shemeji yake, kaka wa mkewe, akaja bila taarifa, akamkuta na pedi mkononi. "Shemeji, na utu uzima wote huo bado uko kwenye mambo ya watoto?" Sisi tuliokuwa mlangoni tukaangua kicheko. Jioni mkewe akapiga simu. Jumatatu mashine imefunikwa taulo, na Babu ananiomba nimwandikie tangazo la kuiuza tukabandike kantini, maana eti mimi ndiye mwandishi.

Mimi nasoma historia, na hilo neno "mambo ya watoto" likanikaa kichwani. Nani aliamua? Nikachimba, na nilichokikuta kimenifanya nikionee aibu kile kicheko cha mlangoni.

Jamani, gemu hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya watoto hata kidogo. Mwaka 1962 pale chuo cha MIT, Marekani, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar, vyombo viwili vya angani vinarushiana makombora kwenye skrini. Kompyuta yenyewe, PDP-1, iliuzwa kama dola 120,000. Mtoto gani angeruhusiwa kuisogelea? Waliocheza ni wanachuo na mainjinia, watu kama sisi (ukiondoa hizo dola). Oktoba 1972 pale Stanford yakafanyika mashindano ya gemu hiyohiyo, na zawadi ilikuwa kupata jarida la Rolling Stone mwaka mzima. Hilo si jarida la chekechea.

Mwaka huohuo kampuni ya Atari ikatoa Pong, ile ya kupigiana kimpira kwa vijistari viwili. Mashine ya majaribio waliiweka wapi? Baa! Andy Capp's, mjini Sunnyvale, California. Baada ya muda mfupi wakapigiwa simu kuwa imekufa. Allan Alcorn, aliyeitengeneza, akaenda kuifungua, akakuta haijafa, imejaa sarafu hadi zinamwagika. Walevi, samahani, wateja, walikuwa wamecheza mpaka chombo cha sarafu kimeshindwa. Na Toru Iwatani wa Japani alipobuni Pac-Man mwaka 1980, nia yake ilikuwa kuwavuta wanawake na wachumba waje kwenye majumba ya gemu.

Watoto nao walizipenda mapema, tusidanganyane. Mwaka 1981 mbunge wa Uingereza, George Foulkes, alitaka itungwe sheria ya kudhibiti Space Invaders kwa sababu ya vijana, akashindwa kwa kura 114 dhidi ya 94. Lakini kilichomaliza kazi, kwa maoni yangu, ni biashara. Mwaka 1983 soko la Marekani lilianguka vibaya. Gemu mbovu zilizidi wanunuzi, Atari ikafikia kufukia kaseti zake kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico (zilifukuliwa 2014, si hadithi ya kijiweni). Wenye maduka wakawa hawataki hata kusikia neno gemu. Nintendo ya Japani ilipoenda kujaribu bahati New York mwaka 1985 ikatumia akili: mashine yake ikaiita mfumo wa burudani, na ikaiuza pamoja na roboti mdogo wa plastiki, R.O.B., ili mwenye duka aone ni mdoli tu. Akakubali. Ikapangwa rafu za midoli. Sasa kule rafu za midoli zina upande wa wavulana na upande wa wasichana, gemu zikaangukia kwa wavulana. Mwaka 1989 Nintendo haohao wakatoa Game Boy. Jina linajieleza.

Wale watoto wa rafu ile wakakua, pedi hawakuziacha. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1985 leo ameshapita 50. Mwaka 1994, baada ya makelele ya Baraza la Seneti kuhusu Mortal Kombat, watengenezaji wa Marekani walianza kubandika alama za umri kwenye gemu, ikiwemo ya kuanzia miaka 17. Yaani boksi linasema si ya watoto, halafu mtu mzima akiinunua anaitwa mtoto! Takwimu za chama cha watengenezaji hao zinaonyesha kuwa tangu katikati ya miaka ya 2000 wastani wa umri wa mchezaji kule umekuwa miaka 30 au zaidi.

Sisemi gemu haina madhara. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipitisha uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa. Ila wanamzungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia hadi maisha yanaharibika. Saa moja kabla ya kulala?

Huku kwetu ndipo pananichanganya zaidi. Mzee akikaa barazani na bao tangu alasiri hadi magharibi, tunasema anapumzisha akili. Mwalimu Nyerere mwenyewe alicheza bao, na sijasikia shemeji aliyemsema. Drafti, karata, dhumna, vyote ruksa. Labda ni kwa sababu gemu tulizijulia kwenye vibanda vya mtaani, ambako waliojaa ni madogo waliotoroka shule. Nilimuuliza Babu yeye anaonaje. Akafikiri, akasema, "Bao unacheza na wenzako, watu wanapita wanakusalimia. Mimi nafunga mlango. Mtu akifunga mlango watu wanajua ana la kuficha." Nikamuuliza kwa nini anafunga. Akasema, "Si nyie mnacheka."

Nilikosa jibu.

Tangazo sijaliandika. Nimemwambia wino wa printa umeisha. Jana usiku taulo liliondolewa, mlango tukauacha wazi, kanifunga 4-1, na tesiti ni keshokutwa.